Superman, Mbegha, na Haki ya Kunung'unika

Mwaka 1938 vijana wawili wa mji wa Cleveland huko Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimleta duniani shujaa aitwaye Superman katika gazeti la picha lililouzwa kwa senti kumi. Miaka 40 baadaye Richard Donner alimtia katika sinema kubwa, na mchezaji Christopher Reeve akamvaa vizuri hata watazamaji wengi wakaamini kwamba shujaa huyo hana uso mwingine. Lakini mashujaa wa namna hii hawazeeki wala hawastaafu. Wenye mali huwaanzisha upya. Mwaka 2013 Superman alisimuliwa tena tangu kuzaliwa kwake, katika sinema ya Zack Snyder iitwayo Man of Steel, kana kwamba zilizotangulia hazikuwapo. Mwaka 2025 James Gunn akamwanzisha upya kwa mara nyingine, katika sinema iitwayo Superman tu. Kila mara watazamaji walinung'unika, na manung'uniko yalisikika mbali.

Nataka kuyatazama manung'uniko hayo kuliko sinema zenyewe. Wasomi wetu wa fasihi aghalabu huyapita kama mtu apitavyo kelele za sokoni: huwaona mashabiki kuwa watoto waliokataa kukua, waliao kwa sababu mdoli wao umebadilishwa nguo. Mimi nasema kwamba mashabiki wanatahakiki, ila tahakiki yao imechanganyika, pumba na mchele pamoja, na anayetaka mchele hana budi kuwa na ungo. Ungo niliouchagua nimeutoa Usambara. Sikuuchagua kwa ajili ya mapenzi ya nyumbani peke yake, ijapokuwa sikatai kwamba mapenzi hayo yapo. Niliuchagua kwa kuwa katika milima hii watu wamebishana juu ya shujaa mmoja kwa zaidi ya karne mbili, na katika mabishano hayo wamepata maneno ambayo wahakiki wa sinema za Marekani bado wanayatafuta.

Shume ni uwanda wa juu upande wa magharibi wa milima hiyo, wenye baridi, misitu, viazi na kabichi. Wajerumani walipapa jina la Neu-Hornow, wakajenga njia ya kamba ya chuma ya kuteremshia magogo ya mierezi mpaka Mkumbara, chini kabisa, penye reli. Superman hakupanda Shume kwa kamba ile. Alipanda mfukoni mwa vijana waliotoka Mombo na Lushoto, katika sahani moja yenye sinema kumi, na baadaye katika simu zao. Jambo hili si dogo kwa hoja yangu. Mtazamaji wa New York aliiona sinema ya 1978, akakaa nayo miaka, kisha akaiona ya 2013 na kulia kwamba ameibiwa kitu. Mtazamaji wa Shume aliweza kuwaona Superman wawili, na Spider-Man watatu, katika juma moja, wa mwisho akitangulia wa kwanza. Kwake hapakuwa na wa asili na wa kuiga. Walikuwa mashahidi kadhaa wanaosimulia habari ya mtu mmoja, na kazi yake ilikuwa kuamua ni yupi asemaye kweli. Hivyo ndivyo msikilizaji wa ngano alivyokaa siku zote.

Tena katika vibanda vya video sinema haikuachwa iseme peke yake. Tanzania ilimpata Lufufu, na Kenya ikampata DJ Afro, watu waliotia sauti zao juu ya sauti ya Kimarekani wakaisimulia hadithi kwa Kiswahili, wakiongeza majina, mizaha, maonyo na lawama. Matthias Krings, aliyewachunguza wasimulizi wa Tanzania, aliipa makala yake jina lisemalo kwamba kazi hiyo ni kugeuza wali kuwa pilau. Katika vibanda hivyo shujaa huitwa staringi, na sheria ya kwanza ya utazamaji, ijulikanayo na kila mtoto, ni kwamba staringi hafi. Mwaka 2016 sinema ya Batman v Superman iliivunja sheria hiyo kwa kumwua Superman, na mwaka uliofuata ikabidi afufuliwe katika Justice League. Wazee wa Vugha wangaliifahamu sheria ya staringi bila kufundishwa. Katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, Mbegha alipokufa wazee walikificha kifo chake, wakamzika kwa siri, mpaka mwanawe Buge alipoletwa kutoka Bumbuli. Nchi haikuachwa hata siku moja ijione haina mfalme.

Sasa niyapembue manung'uniko yenyewe. Mengi ni ya vazi, nami sitakaa nayo. Katika Man of Steel Superman alinyang'anywa bukta nyekundu aliyoivaa juu ya suruali tangu 1938, na rangi za nguo yake zikafifishwa. Mwaka 2025 bukta ikarudishwa, na wino mwingi ukamwagika mara zote mbili. Si kwamba vazi ni bure. Mfalme wa Usambara naye alikuwa na alama zake. Lakini anayemjua shujaa kwa nguo tu atamsujudia yeyote aliyeiazima. Kadhalika nayaweka kando manung'uniko ya haraka, kama yale yaliyoikabili The Amazing Spider-Man ya 2012, kwamba ilipita miaka mitano tu tangu Spider-Man aliyetangulia kuondoka mwaka 2007. Hayo ni malalamiko ya mnunuzi, na mnunuzi ana haki yake dukani.

Manung'uniko yaliyo mazito ni yale ya mwisho wa Man of Steel. Jemadari Zod, mtu wa Krypton kama Superman mwenyewe, amekuja na mashine ya kuibadili ardhi ya dunia iwe kama ya kwao, na wanadamu wafe kama majani. Upande mmoja wa mashine umesimama katika mji wa Metropolis, na upande wa pili katika Bahari ya Hindi, bahari ileile ituleteayo mvua milimani. Superman anaivunja. Kisha yeye na Zod wanapigana angani na ardhini, wakipita ndani ya majumba marefu kama risasi ipitavyo ndani ya mgomba, na majumba yanaanguka juu ya watu ambao hatuwaoni. Mwisho wamo ndani ya stesheni; Zod anaielekeza familia moja moto utokao machoni mwake, na Superman anamvunja shingo. Anapiga ukelele wa uchungu. Halafu, baada ya kitambo kifupi, tunamwona akimtania jenerali wa jeshi, na akiingia kazini katika ofisi ya gazeti ambayo inaonekana nzima. Hatuonyeshwi mtu akizikwa. Hatuonyeshwi jiwe likiokotwa.

Watu waligawanyika. Mark Waid, ambaye alipata kumwandika Superman katika magazeti ya picha, alikuwa miongoni mwa waliolalamika hadharani. Hoja yao iliyosikika zaidi ni kwamba Superman haui. Watetezi wakajibu kwamba hakuwa na njia nyingine. Kwamba alikuwa bado mwanagenzi. Kwamba hata katika Superman II, iliyotoka 1980, Zod alitupwa shimoni na watu wakapiga makofi. Snyder naye alisema kwamba alitaka kuonyesha chanzo cha shujaa huyo kuchukia kuua. Hapa mabishano yaligeuka kuwa kesi ya sheria: kifungu kinasema asiue, je, amekivunja au ana udhuru? Kesi ya namna hii haina mwisho, kwa sababu kila upande una gazeti la picha la mwaka fulani la kutolea ushahidi. Naona kwamba mashabiki waliumia mahali pamoja wakashika mahali pengine. Mtu akiumwa na tumbo huweza kulalamika kichwa. Shingo ya Zod ilikuwa kichwa. Tumbo lilikuwa mji ule.

Ili kuonyesha maana yangu sina budi kumleta Mbegha. Abdallah bin Hemedi, aliyeishi katika baraza za Wakilindi na kuwatumikia, aliandika habari zao kwa Kiswahili, na wamisionari wa Magila wakazichapisha kwa sehemu tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1962 kitabu kilitolewa upya Nairobi chini ya uangalizi wa J. W. T. Allen. Kwa habari hiyo Mbegha alizaliwa Ngulu, na meno yake ya juu yakatangulia kuota. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego na hakuachwa aishi, lakini wazazi wake walimhifadhi. Walipokufa, ndugu zake wakamnyima urithi wakamfukuza. Akaenda Kilindi, akawa mwindaji wa nguruwe, na mbwa wake wakiongozwa na Chamfumu. Mwana wa mkubwa wa Kilindi aliandamana naye mwituni akauawa na nguruwe, na Mbegha akatoroka usiku. Huyo, basi, ni mtu wa porini, mwenye damu mikononi, mwenye uganga mkali, asiye na kwao. Na kila alipokaa mtu alikufa au alichukizwa.

Kisha akafika milimani. Watu wa Zirai waliuona moshi wa moto wake, wakamwendea. Aliwapa nyama, wakampa vyakula vya shamba. Aliua nguruwe waliokuwa wakiharibu mazao, wakampa mke. Bumbuli wakamwita, na baadaye Vugha. Usiku mmoja kabla ya kuingia mamlakani aliua simba, na kutokana na simba huyo wafalme wa Usambara wakachukua jina la Simba Mwene. Steven Feierman, aliyekusanya masimulizi ya Washambaa katika miaka ya 1966 hadi 1968, aliona kwamba hadithi hii haiwi moja kamwe. Wa mahali hapa husimulia hivi, wa mahali pale husimulia vile; mwenye ukoo wa Kikilindi huongeza, na asiye Mkilindi hupunguza. Vituo vya safari hubadilika, sababu za kufukuzwa hubadilika. Lakini yako yasiyokubali kuondolewa. Mwondolee Mbegha ile nyama aliyobadilishana na vyakula vya wenyeji wake, umwache na simba tu, hakuna mzee atakayekutukana. Ataona tu kwamba umesimulia habari za mtu mwingine.

Kwa nini nyama na si simba? Simba huonyesha nguvu. Nyama huonyesha nguvu hiyo imeelekea wapi. Washambaa wana maneno mawili ambayo Feierman ameyafanya kuwa nguzo ya kitabu chake cha 1990: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, mvua inyeshe na chakula kipatikane, na kubana shi, yaani kuiharibu. Nguvu ya mfalme ni ileile katika hali zote mbili. Mtu awezaye kuzuia mvua ndiye awezaye kuileta. Kwa hiyo hakuna anayeuliza kama ana nguvu, wala kama aliwahi kuua, maana Mbegha aliua maisha yake yote. Swali ni kama nguvu zake zimefungamana na nchi. Na iko hali moja inayoogopwa kuliko zote, iitwayo nguvu kwa nguvu. Wenye uwezo wawili wanapokutana bila mmoja kumzidi mwenzake kabisa, wanashindana, na anayeumia ni yule alimaye. Jambo hili halikutoka katika ngano peke yake. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, watoto na wajukuu zake waligombea nchi kwa bunduki, Semboja akiwa Mazinde, chini ya ukingo huu wa magharibi, njiani mwa misafara. Watu wakakamatwa na kuuzwa. Wabondei wakainuka, wakawafukuza Wakilindi kwao katika machafuko yaitwayo Kiva. Tena katika miaka ya 1940 na 1950, wakoloni walipowalazimisha wakulima wa Mlalo na kwingineko kuchimba matuta, wakati wakubwa nao wakivutana, maneno yaleyale yalirudi vinywani: nchi inaharibiwa.

Sasa turudi Metropolis. Superman na Zod, wote wa Krypton, wote warukao, wote wenye moto machoni: ni mfano kamili wa nguvu kwa nguvu, na sijui sinema nyingine iliyouchora kwa ukatili zaidi. Zod amekuja kwa kusudi la kubana shi, tena waziwazi, maana mashine yake haifanyi kazi nyingine. Kosa la sinema ni kwamba inamshinda Zod halafu inaisahau nchi. Shujaa anapomaliza kupigana hana nyama ya kumpa mtu. Mtazamaji aliyelelewa na Christopher Reeve, ambaye katika sinema ya 1978 aliizungusha dunia ili amrudishe mtu mmoja aliyefukiwa na udongo, alitoka ukumbini akiwa na njaa asiyoweza kuitaja jina. Akasema: haui. Lau angalikuwa na neno la kuzifya angalisema: hakuiponya. Wenye sinema wenyewe walisikia, maana Batman v Superman mapema inavirudia vita vilevile, safari hii vikitazamwa kutoka chini, na Bruce Wayne akikimbia kuingia ndani ya vumbi huku nyumba ya watumishi wake ikianguka. Sina haja ya kusema kama sinema hiyo ni nzuri. Nasema tu kwamba malalamiko yaliyoweza kuiandika upya sinema ya mamilioni ya dola hayawezi kuitwa kelele.

Wako watakaonipinga kwa haki. Watasema kwamba msikilizaji wa habari za Mbegha aliishi chini ya Wakilindi. Aliwalipa kodi, alingoja mvua yao, aliweza kuuzwa na watoto wao. Shabiki wa Superman hulipa kiingilio akaenda zake. Yule akilalamika analinda shamba; huyu analinda burudani. Hoja hii ina nguvu, nami sitaki kuikwepa kwa maneno matamu. Lakini inasahau kitu kimoja. Superman si mali ya nchi, ni mali ya kampuni, na hilo ndilo linalomfanya shabiki awe na nafasi ya ajabu: amelishwa hadithi tangu utoto, ameihifadhi, ameifundisha kwa wanawe, wala hana hata chembe ya mamlaka juu yake. Msimulizi wa Usambara alibanwa na wasikilizaji walioketi mbele yake, wenye kuweza kumkatiza. Msimulizi wa sinema hakatizwi. Manung'uniko ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumkatiza, na kama yana sauti mbaya, tukumbuke umbali yanaotoka. Katika kibanda cha Shume umbali huo ulipungua kidogo, kwa kuwa msimulizi wa Kiswahili alikuwa upande wa wasikilizaji, na aliweza kumkaripia staringi kwa niaba yao hapohapo.

Sinema ya 2025 ilileta jambo ambalo nadhani ni gumu kuliko bukta na shingo kwa pamoja. Superman huyu hujifariji kwa ujumbe wa wazazi wake wa Krypton, uliokatika katikati. Nusu iliyobaki inamwambia atende mema duniani. Adui yake Lex Luthor anaipata nusu iliyopotea na kuitangaza. Kumbe wazazi walimtuma awatawale wanadamu, na aoe wake wengi kadiri awezavyo, ili damu ya Krypton isipotee. Mashabiki wengi walichukizwa. Jor-El, baba aliyekuwa nabii katika sinema zilizotangulia, amegeuzwa kuwa mnyang'anyi. Baadhi yao walitumaini kwamba itabainika ujumbe ulighushiwa, lakini haukughushiwa, na Gunn mwenyewe alithibitisha hivyo.

Msomaji wa Habari za Wakilindi hawezi kusikia ujumbe huo bila kushtuka, kwa kuwa hiyo ndiyo habari ya Wakilindi, neno kwa neno. Mgeni mwenye nguvu aliingia milimani, akaoa katika kila upande, na wanawe wakatawala katika vijiji vya wajomba zao. Buge alikuwa mmoja tu. Kwa Mkilindi hiyo ni habari ya ndoa: nchi yote imekuwa shemeji, na mfalme hawezi kuwaharibu wajomba zake. Kwa Mbondei wa siku za Kiva ilikuwa habari ya utekaji, na ndoa zilikuwa kamba. Kisa kimoja, masikio mawili. Gunn amelitia swali hili ndani ya sinema ya watoto, kisha, naona, amekimbilia jibu upesi mno: wazazi wa damu hawakufaa, wazazi waliomlea wa Kansas wanafaa, basi yamekwisha. Hata hivyo katika kuchagua upande nadhani yu sahihi, na mashabiki waliomlilia Jor-El walikuwa na huzuni ya haki lakini si hoja ya haki. Mbegha naye hakurithi kitu Ngulu. Walichompa ndugu zake ni jina la kigego. Alifanywa kuwa mfalme na watu waliouona moshi wake wakaamua kupanda mlima na vyakula vichwani. Superman aliyepewa nguvu na wazazi na akapewa nchi na wengine yu karibu zaidi na mizani ya zamani kuliko yule wa 2013, ambaye alikuwa na baba wawili wenye hekima na mji uliobomoka.

Na kwa kweli sinema ya 2025 inaonyesha kwamba aliyeitunga alisikiliza. Mji unapopasuka, watu wamekwisha kuhamishwa. Jitu la kutisha linapovamia, Superman anataka likamatwe hai, na wenzake ndio waliualo. Yuko hata mbwa, Krypto, asiyetii amri, ambaye angalimfurahisha mwenye Chamfumu. Kilichozusha ubishi zaidi ni mnyama mdogo kuliko huyo: katikati ya vita na lile jitu, Superman anasimama kumwondoa kindi mmoja asije akapondwa. Walioicheka picha hiyo walisema imepita kiasi. Walioipenda walisema hapo ndipo walipomtambua mtu wao.

Nimeusikia ubishi huo Shume pia, kutoka kwenye benchi la nyuma, na ulikuwa wa watu wenye mashamba. Mzee mmoja alisema staringi huyu ana upungufu wa akili: kindi ni mwizi wa mahindi, na mtu aliyekuwa na kazi ya kuua jitu hana sababu ya kumwokoa mwizi. Akamkumbusha kila mtu kwamba Mbegha alipewa mke kwa kuwaua nguruwe, si kwa kuwabeba. Kijana aliyekuwa mbele yake aligeuka akasema, kwa heshima, kwamba shikamoo mzee, lakini mji ule hauna shamba hata moja, na kindi wa mji haibi kitu cha mtu. Pale yeye ni mwenyeji. Mzee alifikiri kidogo. Akauliza kama kuna mtu aliyeona kindi huyo baada ya vita, yu hai au amekufa. Hapana aliyekuwa na hakika, wakamwomba mwenye kibanda airudishe picha nyuma.